Vumilia ya Barabarani

Lipo neno moja katika Kiswahili chetu cha kanisani ambalo, kama ningekuwa na mamlaka, ningelifungia kabatini kwa muda wa mwaka mzima ili tuone kama Ukristo wetu unaweza kusimama bila hilo. Neno lenyewe ni "vumilia." Sina ugomvi na uvumilivu. Nimepita miaka sabini, nimefundisha tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, na hapa Oldonyo Sambu hakuna mtu anayezeeka bila kuujua uvumilivu kwa jina na kwa sura. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyolitumia neno hilo. Tunamrushia mwenzetu kama mtu anayemtupia mbwa mfupa, huku miguu yetu ikiendelea na safari.

Tazama linavyofanya kazi. Ndugu mmoja amepoteza ng'ombe wake wote kwa ukame. Unakutana naye kwenye barabara ya Namanga, wewe ukiwa juu ya bodaboda, yeye akitembea kwa miguu na fimbo yake ambayo sasa haina cha kuchunga. Unamgusa dereva begani asimame. "Pole sana ndugu yangu. Vumilia. Mungu yupo." Kisha unamgusa dereva mara ya pili, na vumbi linabaki na yule ndugu. Hiyo mimi naiita vumilia ya barabarani. Na siku hizi hata barabarani hatusimami, maana simu imeturahisishia kazi: tunaandika neno lilo hilo, tunaweka pembeni picha ndogo ya viganja vilivyounganishwa kwa sala, tunatuma kwenye kundi la usharika, na watu thelathini wanajibu Amina bila hata mmoja kuuliza mgonjwa amelala wapi.

Nasema wazi, na atakayechukia na achukie: mtu anayemwambia mwenzake avumilie, naye hana nia ya kuingia nyumbani kwake, hajamtia moyo. Amejitua mzigo. Amechukua kazi ambayo Mungu aliigawa kwa watu wengi akamkabidhi mtu mmoja, tena yule asiye na nguvu, kisha akaondoka akijiona mwema.

Watajibu kwamba Biblia inatuagiza kuvumilia. Naam, inatuagiza. Lakini tuisome hadi mwisho wa ukurasa. Waraka kwa Waebrania, ambao ndio tunaoupenda sana tunapohubiri habari za kupiga mbio kwa saburi, hauanzi na mkimbiaji aliye peke yake. Katika sura ya 3 mwandishi anataka waumini wahimizane kila siku, wala hakusema kila Jumapili, na katika sura ya 10 anawakemea wale walioanza kuzoea kutokukutana. Baada ya hapo ndipo anapofika kwenye mbio za sura ya 12. Sisi tumekata mbele, tukakata katikati, tukabaki na kipande kinachomhusu mwenye shida peke yake.

Au mchukue Eliya. Nabii yule, baada ya kazi kubwa Karmeli, alikimbilia jangwani akaketi chini ya mti akaomba afe. Katika makanisa yetu ya leo angehubiriwa pale pale, na pengine mtu angemkumbusha kwamba kukata tamaa ni dhambi. Sasa soma sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza uone malaika alifanya nini. Alimletea mkate na maji. Eliya akala, akalala. Malaika akarudi mara ya pili na chakula tena. Maswali magumu yaliulizwa baadaye sana, kule Horebu, baada ya tumbo kushiba na mwili kupumzika. Hata mbinguni wanajua kwamba mwenye njaa haulizwi maswali.

Kisa kingine ni kile cha Refidimu, katika Kutoka 17. Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri hawakumpigia makofi wala kumwimbia. Walitafuta jiwe wakamketisha, kisha wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likachwa. Mimi hulipenda sana lile jiwe. Linaonyesha kwamba wazee wale waliangalia kwanza mtu anahitaji nini, wakaona kwamba miguu nayo imechoka. Nilipokuwa nikiwafundisha walimu wapya waliopangiwa shule yangu niliwaambia hivyo hivyo: mtoto anayesinzia darasani usimwambie ajitahidi kabla hujajua alikula nini jana.

Hata wale rafiki watatu wa Ayubu, ambao tumewafanya mfano wa wafariji wabaya, walianza vizuri kuliko sisi. Waliacha nyumba zao wakasafiri, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Waliharibu pale walipofungua midomo. Sisi tunaanza pale walipoharibia, na zile siku saba hatuna.

Labda msomaji wa mjini atadhani nazungumza mambo ya hisia tu. Hapana. Huku kwetu neno hili lina madhara yanayoonekana kwa macho. Sisi tuko upande mkavu wa Mlima Meru. Wenzetu wa kusini, Akeri na Nkoaranga, wana migomba na kahawa na mito. Sisi tuna upepo, mahindi yanayotegemea huruma ya mawingu, na maji yenye madini ya floraidi yanayotoka katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya upande huu vimepimwa vikakutwa na kiasi kinachozidi hapo mara kadhaa. Matokeo yake yamo vinywani mwa watoto, meno ya kahawia, na kwa waliozidiwa yamo miguuni, mifupa iliyopinda. Nimewafundisha watoto waliofunika midomo kwa viganja kila walipocheka.

Sasa nilipata kumsikia mhubiri mmoja mgeni, aliyetoka mbali na chupa yake ya maji ya dukani, akiwaambia akina mama wa huku kwamba meno ya watoto wao ni jaribu, na wavumilie. Akina mama wakaitikia Amina, kwa sababu ni watu wenye adabu. Lakini kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambacho si mbali na hapa, kilikwisha kuonyesha kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaweza kuchuja madini hayo. Mifupa ya ng'ombe! Kitu ambacho Mmaasai na Mwarusha hawakukosa kamwe. Mahubiri ya saa nzima yangeweza kuwa somo la kutengeneza chujio, na yangekuwa mahubiri ya uvumilivu yaliyo bora zaidi, maana mama angevumilia akiwa na ndoo ya maji yanayonyweka, na jirani aliyemsaidia kuchoma ile mifupa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wa mlima huu wana historia inayolipinga neno la barabarani. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, pamoja na Wachagga waliokuwa wamefuatana nao. Serikali ya Kijerumani ililipiza kisasi kwa ukatili, na mtu mwenye akili angesema habari za Injili zimekwisha huku. Lakini kazi ilianza Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Kisha, mimea ikiwa bado michanga, ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1920 Waingereza wakawaondoa wamisionari wa Kijerumani. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walikuja baadaye kusaidia, nao walikuwa wachache mno kwa eneo kubwa namna ile. Mchungaji Mwafrika hakuwapo. Wa kwanza wa eneo hili, akiwamo Lazaros Laiser wa Arusha, walibarikiwa katika miaka ya 1930.

Basi nani aliyelishika kanisa katika miaka ile? Walimu na wazee. Nalisema hili kwa fahari ya kazi yangu, na msomaji anisamehe. Mwalimu wa shule ya kijijini alifundisha herufi asubuhi na katekisimo jioni, akasali na wagonjwa, akazika wafu, kwa mshahara mdogo ambao mara nyingine haukufika. Hakuwa na kipaza sauti, hakuwa na gari la usharika, na waumini wake walikuwa wametawanyika mabondeni kati ya ndugu waliowacheka kwa kuacha mila. Wazee waliotulea walisimulia kwamba mwalimu akiona mtu hakuja ibadani, Jumatatu alikuwa amekwisha fika kwake. Ndivyo kanisa lile lilivyovumilia. Hapakuwa na mtu wa kuandika barua kutoka Ulaya kuwaambia wajikaze, walijikaziana wenyewe.

Na wasije watu wakadhani kuvumilia kwa namna hiyo ni kuinamisha kichwa. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, jirani zetu wa mashariki, ili ardhi ile igawiwe walowezi wa Kizungu. Watu wapatao 3,000 waliondolewa. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Walitengewa mahali pengine, Kingori, nao wengi wakakataa kwenda, wakapokewa na ndugu zao katika vihamba vya kusini ambavyo tayari vilikuwa vimebanana. Fikiri maana ya jambo hilo: kumpokea ndugu na watoto wake na mbuzi wake wachache katika kihamba ambacho hakikutoshi wewe mwenyewe, tena si kwa wiki mbili za msiba. Kisha watu hao waliokwisha kunyang'anywa wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, wakili wao akiwa Earle Seaton. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Walishindwa kwa hesabu ya siku ile. Lakini nchi nzima ilisikia, na miaka miwili baadaye, TANU ilipoanzishwa, watu wengi walikwisha kujifunza kutoka Meru kwamba mnyonge anaweza kusema.

Nilikuwa mtoto mchanga mambo hayo yakitokea. Nimekua nikisikia wazee wakiyasimulia, na neno walilolirudia halikuwa "tulivumilia." Walisema "tulichanga," "tulipokea," "tulimtuma." Yote ni maneno ya watu wengi na ya vitendo.

Kutoka hapo naingia kwenye jambo linalonifanya niandike kwa ukali. Mwanamke anapigwa na mumewe. Anakwenda kwa mzee wa kanisa au kwa mama mkubwa wa kikundi, uso umevimba. Anaambiwa: vumilia, mwanangu, ndoa ni msalaba, mwombee atabadilika. Anarudishwa kwenye nyumba ile ile jioni ile ile. Najua wapo watakaosema naingilia mambo ya nyumba za watu. Nauliza: wakati mnamwambia avumilie, hamkuwa mmeingilia? Mlikwisha kuamua shauri, tena kwa upande wa mwenye ngumi. Kama kweli mnaamini avumilie, basi wazee wanne watangulie, wakae na yule mume usiku huo, wamwambie machoni kwamba mkono wake ukiinuka tena atajibu mbele ya kanisa na mbele ya sheria, na mke akalale kwa dada yake mpaka jambo lieleweke. Kristo alichukua msalaba wake mwenyewe. Hakukata mti akamtwika jirani.

Kuna kundi la pili ninalotofautiana nalo, nalo limekua sana mijini na sasa linapanda huku kwa magari yenye vipaza sauti. Hawa hawasemi vumilia kabisa. Wao wanasema mwenye imani hapati shida. Ukiwa na shida, toa sadaka ya kufungua mlango. Wengi wanawachukulia kuwa wapinzani wa wale wa kwanza. Mimi naona ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza anamwambia mgonjwa, shida yako ni yako, ibebe. Wa pili anamwambia, shida yako ni yako, umeileta mwenyewe. Wote wawili wanaondoka kabla ya jua kuzama, na hakuna aliyechota maji.

Wa tatu ni wale wa wokovu wa mtu binafsi. "Mwalimu, kila mtu atasimama peke yake mbele ya kiti cha hukumu." Ni kweli, nami nalikiri hilo. Lakini hatuko kwenye kiti cha hukumu bado; tuko njiani, na njiani watu hushikana mikono kwenye makorongo. Paulo, mtu aliyekuwa na maono na mafunuo, aliandika barua yake ya pili kwa Timotheo akiwa kifungoni, akitaka aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Alimkumbuka kwa jina Onesiforo aliyemtafuta Rumi kwa bidii mpaka akampata, bila kuionea haya minyororo yake. Mtume anaomba koti na rafiki, na sisi tunaona aibu kumwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba tumeshindwa!

Pingamizi la nne ndilo lenye uzito, nami silipuuzi. Watu husema: nikimfungulia mwenzangu mlango wangu, kesho habari zangu ziko sokoni. Ndiyo. Jambo hili limeua ushirika mwingi. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukapita Uganda na kufika kwetu Tanganyika, ulikuwa na desturi nzuri ya watu wachache kukutana kila wiki na kuelezana hali zao kwa kweli, kutembea nuruni kama walivyosema. Uliwasaidia watu wengi kusimama, na Kenya wakati wa Mau Mau wapo waliokataa kiapo na pia wakakataa bunduki ya serikali, wakabaki katikati wakishikwa na ndugu zao tu. Lakini katika sehemu nyingine vikao hivyo viligeuka mahakama: watu wakalazimishwa kutoa siri, na aliyekataa akaonwa amepoa. Hayo sitayatetea. Dawa yake, hata hivyo, haiwezi kuwa kufunga milango. Dawa ni kujifunza kunyamaza. Anayetembelea mgonjwa na kutoka na habari za kusimulia hastahili kupewa orodha ya wagonjwa, na wazee wamwambie hivyo bila kumung'unya maneno.

Wakatoliki wameliona jambo hili mapema. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kazi yao katika miaka ya 1970, na sisi Walutheri tuna ibada zetu za nyumba kwa nyumba. Mpango upo basi. Lakini hebu hudhuria uone kinachofanyika. Wimbo, sala, neno la dakika kumi lililosomwa kwenye kijitabu, kisha nusu saa ya matangazo: ahadi, bahasha, mchango wa jengo, mchango wa harusi ya mtoto wa fulani, sare za kwaya. Mwenye nyumba, ambaye mtoto wake amefukuzwa shule, anapika chai kwa sukari ya kukopa ili asiaibike. Tunakunywa, tunamshukuru, tunaondoka. Tumemtembelea kweli, na hatukujua.

Nitasimulia kisa kimoja, sitataja mtu wala mtaa. Palikuwa na mwalimu mstaafu, mwanamke, mjane, aliyekuwa amefundisha Shule ya Jumapili zaidi ya miaka thelathini. Nyonga ilimharibikia, akashindwa kutembea. Kutoka kwake hadi kanisani ni mwendo wa dakika arobaini kwa mtu mzima wa afya. Kwa miezi minane hakuna mzee wa kanisa aliyekanyaga pale. Mjukuu wake alipeleka bahasha ya ahadi kwa miezi mitano, na bahasha ilipokelewa na kuandikwa daftarini. Ilipokoma, ndipo mtu akauliza habari zake, akauliza kwa simu. Alipofariki, kamati iliundwa jioni ile ile. Kulikuwa na maturubai mawili, viti vya kukodi, kwaya tatu, mpiga picha za video, na sanduku la bei ambayo ingemlipia gari la kumpeleka ibadani kila Jumapili kwa miaka miwili. Mhubiri alimsifu kwa uvumilivu wake. Alisema alivumilia hadi mwisho.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza. Pembeni yangu alikaa kijana mmoja ambaye mama yule alimfundisha kusali, sasa ni fundi wa magari Ngaramtoni. Akaninong'oneza: "Mwalimu, kwani alikuwa na njia nyingine?"

Swali lile lilinirudia mara nyingi kuliko mahubiri. Tunawasifu watu kwa kuvumilia yale ambayo sisi wenyewe tuliwaachia. Ni sawa na mtu aliyesahau kufunga zizi, kisha akamsifu mbuzi kwa ujasiri wake mbele ya fisi. Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba wazee wetu wasio Wakristo, wale tuliowaita washenzi katika vitabu vya zamani, walikuwa na desturi: mtu wa rika lako akiishiwa ng'ombe, rika lilimchangia mtamba mmoja mmoja mpaka akapata cha kuanzia. Hakuna aliyemwambia avumilie. Walimwuliza zizi lake liko wapi. Katika ukame wa mwishoni mwa 2021, uliowamaliza ng'ombe wa watu hapa na Longido na Simanjiro, niliona jambo hilo likifanyika tena kwa kimya, na waliolifanya baadhi hawajabatizwa.

Wachungaji nao nisiwatwike lawama yote. Mchungaji mmoja wa huku ana mitaa mingi iliyotawanyika, na siku zake zimejaa mazishi na vikao. Anayesema kazi ya kutembelea ni ya mchungaji anajua vizuri kwamba haitafanyika. Ndiyo sababu anasema. Festo Kivengere, aliyepata kufundisha Dodoma kabla ya kuwa askofu kwao Uganda, aliponea mikononi mwa Idi Amin mwaka 1977, baada ya kuuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, kwa kuvuka milima usiku pamoja na mkewe hadi Rwanda. Waliowavusha hawakuwa maaskofu. Walikuwa waumini wa kawaida waliokijua kichochoro.

Mwaka huu katika mkutano wa mtaa wetu nilitoa pendekezo. Kabla mweka hazina hajasoma mapato na matumizi, katibu asome kwanza taarifa nyingine: watu wangapi wa mtaa hawajaonekana kwa mwezi mmoja, na nani amefika kwao. Bila kutaja majina hadharani, idadi tu. Mzee mmoja alisema itawaaibisha wagonjwa. Nikamjibu kwamba wagonjwa hawatakuwapo mkutanoni, hivyo aibu itabaki kwetu tuliohudhuria. Mwingine akasema muda hautatosha, maana kuna suala la bati za jengo. Pendekezo liliahirishwa. Akina mama watano wa kikundi cha Jumatano walinifuata nje, karibu na tangi la maji, wakaniambia wao hawana haja ya kusubiri mkutano ujao.

Kwa hiyo orodha ipo. Ina majina kumi na manne, na mmoja wao ni yule ndugu wa fimbo bila ng'ombe, ambaye tumeambiwa ana kifua. Wamama wamegawana nyumba wawili wawili; mimi nimepewa zilizo karibu na barabara kwa sababu ya magoti yangu. Wataanza na waliopo ng'ambo ya korongo, maana mvua za masika zikifika hakuvukiki.